Mkalimani wa Kujileta

Jumatatu, 4 Machi
Wodini kaletwa binti, pengine wa miaka kumi na saba. Mkono umeunguzwa kwa pasi. Ncha yake imejichora wazi kwenye ngozi, na kidonda kimeanza kuoza. Aliyemleta anajiita shangazi. Kila nililomuuliza binti, alijibu shangazi. “Hajui Kiswahili, Daktari, mimi ndiye mdomo wake.” Nimemlaza. Nashuku anatumikishwa; nimemwita afisa wa ustawi wa jamii.

Jumanne, 5 Machi
Afisa alimhoji binti — kupitia shangazi! Mshukiwa ndiye mkalimani! Binti alizungumza kwa kirefu, machozi yakimlengalenga. Tafsiri: “Anasema alijikwaa.” Nilipinga. Afisa akacheka: “Daktari, wewe tibu kidonda. Mwenyewe hajalalamika.”
Kwa mantiki hiyo, aliyeuzwa hutambuliwa pale tu anapojitangaza mbele ya aliyemnunua, kwa kinywa cha aliyemnunua. Na mtu huyu amesomea kazi hii!

Jumatano, 6 Machi
Muuguzi anahisi lugha ya binti ni ya kwao mama mkwe wangu. Nilipiga simu. Kwanza nilisutwa: “Leo ndiyo umenikumbuka, mke wa mwanangu?” Kisha, shangazi alipotoka, nikampa binti simu. Mama mkwe, ambaye hakosi la kusema, alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akaniambia, taratibu: “Mwanangu, huyo si shangazi yake. Walikutana kituo cha basi, akamwahidi shule. Anafua, anapiga pasi, analala stoo. Hata viatu kanyang’anywa, asitoroke.”
Nilichungulia chini ya kitanda. Hakuna viatu.
Nikampigia afisa, nikamtaka ampeleke binti nyumba salama, wanakohifadhiwa waliotumikishwa. Eti mama mkwe si mkalimani anayetambulika. Na shangazi, alitambuliwa na nani? Akakata simu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimezungumza mwenyewe na msimamizi wa nyumba salama. Nafasi ipo, gari liko njiani. Afisa amelitangulia — na shangazi! Utaratibu, asema, unataka ndugu ajulishwe kwanza. Ndugu!
Nimemwingiza binti chumba changu cha uchunguzi na kufunga kwa ufunguo. Wanagonga. “Daktari, acha makuu, fungua!” Shangazi analia kilio cha kukodi: mwanangu jamani, mwanangu. Mama mkwe yumo simuni, mezani. Naandika papo hapo, uwe ushahidi.
Binti, miguuni kandambili zangu, ameusogelea mlango. Amesema maneno machache, kwa sauti kubwa. Kilio kimekatika ghafla.
“Anasema: nirudishie viatu vyangu,” mama mkwe ananiambia.
Nje afisa anauliza, “Amesema nini?”
Anamuuliza shangazi.