Dirisha Letu Katika Picha ya Trommler

Kassel, 10 Machi 1964

Kwa ndugu yangu mpenzi Eckhart,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi yangu Lore. Natumaini mgongo umekuachia na kikohozi chake kimepoa. Mimi mzima, ila magoti yananikumbusha uzee kila ngazi.

Unamkumbuka Alwin Trommler, mchora vibao vya maduka aliyekaa ng'ambo ya mtaa wetu, akichora dirishani kila asubuhi? Baba akimtania, "Bwana Alwin, tutilie basi kajua kidogo!" Naye akijibu bila kuinua macho kwamba jua halikuwepo. Amekufa hajulikani. Sasa wametundika picha yake moja makumbusho, nami Jumapili nikaenda.

Eckhart, mtaa wetu upo! Mtaa ambao mabomu hayakubakiza hata tofali, upo wote: ukuta wenye masizi, bomba la mvua lililopinda, mkokoteni wa makaa. Hakupamba kitu. Nilisimama nikihesabu madirisha, mpaka mlinzi akaniletea kiti na kuniambia, "Kaa, mama, picha haikimbii."

Kisha nikaliona dirisha letu, ghorofa ya tatu. Matandiko yanatolewa yapate hewa kama kila siku. Chungu cha maua cha mama kimeinama ukingoni, na chini Mzee Lohse, mtunza jengo, anafagia. Ni asubuhi ile ile chungu kilipomwangukia na kumvunja bega. Watu wote walisema, nani tena kama si yule mtundu Eckhart? Ukapelekwa kwa mjomba, kule Fulda, una miaka kumi na miwili, na hukurudi hata kumzika mama.

Pichani kuna mikono miwili inayosukuma matandiko. Kidole gumba kimefungwa kitambaa cheupe. Unakumbuka ni nani aliyejikata kwa kisu cha viazi wiki ile.

Ni mimi. Nilikuwa na haraka, sikukitoa chungu kwanza kama mama alivyotuagiza. Ulipolia kwamba si wewe, nilikuwa nyuma ya mlango, nikanyamaza. Nimenyamaza miaka thelathini na saba. Na juzi mlinzi aliponiuliza kama namjua mwenye mikono ile, nikasema simjui. Hata juzi, Eckhart!

Njoo kabla ya Pasaka, kabla hawajaishusha. Tusimame pale wawili, umwite mlinzi aniulize tena, nami nijibu ukisikia.

Wabusu watoto. Nisamehe ukiweza.

Dada yako, mwenye mikono ile,
Hedwig