Uji wa Mgonjwa wa Kompyuta

Mama yangu, shikamoo. Naibusu mikono yako nikiwa Mji Mkongwe, mvua haijakatika tangu asubuhi.

Huku tunajifunza kujaribu dawa mpya ya presha kwa wagonjwa wa kompyuta. Jana Bi Zuhura, mwenye nyumba niliyofikia, alinisikia nikimwambia mwenzangu kwenye simu, "Mgonjwa wangu kafa tena." Punde akaingia na buibui lake, kashika bakuli la uji wa pilipili manga.

"Pole, mwanangu. Maziko saa ngapi?"

Nikamweleza kwamba mgonjwa huyo yumo ndani ya kompyuta tu. Tunamjaribia yeye kwanza ili asije akadhurika mtu wa kweli. Akaitazama skrini, kisha akanitazama mimi.

"Sasa mbona macho yamekuiva?"

Nikamwambia nimempa umri wako, na moyo wake nimeufanya upige kama wako. Akanisogezea bakuli. "Basi kunywa wewe."

Nimeunywa wote, Mama. Nawe vidonge vyako umeze hata siku unazojiona mzima. Yule akifa namwanza upya kwa dozi ndogo. Wewe ninawe mmoja tu.

Mwanao, Rehema