Kaye ya Koo Sita

Karuba, tarehe 2 mwezi wa tatu

Kaka Grégoire,

Jambo sana. Habari ya afya yako, ya muke wako Adelaïde na ya mutoto wenu? Hapa tuko wazima. Mama anakohoa kidogo juu ya baridi, lakini jana alilima maharagi mpaka saa saba na hakuna mwenye alimuweza. Réseau ya simu ingali imekufa, njo maana naandika.

Keti kwanza. Umeketi? HADISI YANGU IMEPITA! Concours, yale mashindano ya vitabu ya huko kwenu Walikale, ilipokea hadisi makumi tano na mbili, wakachagua tatu, na yangu iko ndani! Nilipiga kelele mpaka ngombe ya jirani Papa Nzabandora ikakata kamba. Moja ya hizo tatu itachapwa kuwa kitabu, kaka. Kitabu!

Sasa wanaomba lexique, liste ya maneno na maana yake. Wanasema ma-elfe wangu, wale watu wadogo wa masikio ya ncha, wanaongea luga yao na musomaji anapotea: vesh ni elfe moja, veshim ni wengi, lakini ukoo ya Lum na ukoo ya Tash inatofautiana namna gani? Bila lexique hadisi inatoka mu concours. Mwisho ni tarehe 25. Nampa Viateur wa pikipiki ile kaye yetu ya buluu, daftari yenye tulianza weye ukiwa na miaka kumi na mbili na miye munane. Umupelekee Mama Emérita, mukubwa wa concours, kwa mukono yako. Na kama kuna neno yenye inakosekana, ongeza.

Nacheza peke yangu mu jikoni!

Dada yako mudogo,
Aurélie

*

Walikale, tarehe 9 mwezi wa tatu

Dada Aurélie,

Nakusalimia mu jina ya Bwana. Siye tuko wazima, mvua tu inatusumbua. Musalimie Mama, anywe tangawizi.

Hongera. Kaye nitaipeleka, juu uko damu yangu. Lakini usiniombe kuongeza. Miye sasa ni agent wa serikali ku territoire na mushemasi wa kanisa. Hayo mambo ya veshim ilikuwa ya kitoto, na ilishanitoka mu kichwa yote, hata neno moja haijabakia.

Ila barua yako ilikuja na lori, na Viateur mwenyewe hajafika mpaka leo. Yuko wapi?

Kaka yako mukubwa,
Grégoire

*

Karuba, tarehe 14 mwezi wa tatu

Kaka wangu,

Jambo. Tuko wazima wa mwili, lakini roho, eeh Mungu wangu! Viateur amerudi mikono mitupu.

Alisimama Kalembe kunywa chai, akafungua kaye aone kama mvua haijaingia. Unakumbuka tuliandika namna gani? «Ukoo ya Kord. Chef: Ordan. Watu: 40. Kilima: ya mawe meusi. Silaha: mishale.» Vile vile ukoo zote sita! Viateur akajisemea: huyu binti wa watu ameandika liste ya makundi ya silaha ya porini! Na mbele yake kuna bariere ya waaskari. Alipofika ku kilalo, daraja ya muto, akatupa kaye mu maji. Kisha akarudi hapa kifua mbele: «Dada, nimekuokoa maisha. Hata kuku moja hauna?»

Nilimutukana mu luga zote zenye najua. Lakini ana haki. Nani ku bariere angeamini kama ni ma-elfe?

Kaka, sina kopi. Hadisi niliandika miye, lakini maneno na koo ulitunga weye, miye nilikuwa karani wako tu. Zilipita mia mbili. Miye nakumbuka makumi tatu, iko nyuma ya karatasi hii. Kidole moja haiui chawa. Jaribu, hata ulete neno tano. Nakupigia magoti.

Dada yako,
Aurélie

*

Karuba, tarehe 20 mwezi wa tatu

Kaka,

Habari ya wote? Viateur anaapa kama alikupa barua yangu ku mukono. Zimebaki siku tano na weye kimya.

Kama unaona haya, sema wazi. Nitamwandikia Mama Emérita aondoe jina yangu, na sitakusumbua tena.

Aurélie

*

Walikale, tarehe 26 mwezi wa tatu

Aurélie, vesh yangu, dada yangu!

Jambo, jambo, jambo! Mama anaendelea? Mupe habari hii mbele ya kumupa chakula: LEXIQUE IMEPITA! Jana saa tisa, lisaa moja mbele ya kufunga!

Nisamehe, nilikudanganya. Haijanitoka mu kichwa hata siku moja. Haya ilinikamata: mushemasi anayeongea na ma-elfe, watu watasema nini? Barua yako niliificha mu Biblia. Adelaïde akaiona, akasimama mbele yangu mikono ku kiuno: «Kila asubui unamuogesha mutoto mu hiyo luga, na dada yako analia kule?» Ni kweli, Astrid wangu ana miaka mitano, na tangu azaliwe naongea naye Kivesh.

Nikanunua kaye. Dada, maneno ilikimbia yenyewe! Mia mbili na kumi na saba! Nikaandika kama Tash njo wanaiba fromage, jibini ya ngombe, Astrid akanipiga ku mukono: «Papa, hapana, ni Lum!» Ana haki. Na ku kifuniko niliandika kubwa kubwa: MA-ELFE, HADISI TU, HAKUNA JESHI.

Jana nikaenda na Astrid ku ofisi ya concours, lakini Mama Emérita akageuza makaratasi, akaniangalia juu ya miwani. «Papa Grégoire, hii wino haijakauka. Tunataka luga ya hadisi, si maneno ya kuokota wiki hii. Nani mwingine anaisema?»

Nikamuita Astrid, aliyekuwa anacheza ku mulango. Nikamwambia: «Nali tem ordu, shakel mim.» Hakuuliza kitu. Akashika kiti yenye inamupita urefu, akaikokota mpaka nyuma ya Mama Emérita, akamwambia: «Tem, mim.» Keti, mama.

Jury, wale waamuzi wote, wakapiga makofi! Mama Emérita akaketi, akacheka mpaka akatoa miwani, akaandika: «Byukusenge Aurélie, Karuba. Complet.» Imetimia, na muhuri juu. Wataamua mwezi wa tano.

Mu njia mutoto akaniuliza nani mwingine anajua Kivesh. Nikasema, tantine yako, dada yangu wa Karuba. Akasimama katikati ya barabara. Kumbe miaka yote hii alifikiri tuko wawili tu mu dunia! Tangu jana hajanipa raha, anataka kuongea naye. Namuleta Pasaka. Jitayarishe, dada: neno makumi tatu haitoshi, na huyu mutoto hana huruma.

Kaka yako mukubwa,
Grégoire