Baba, Kapsuli Zile Hazikuwa za Kufunguliwa

Baba,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa mazoea tu, najua hakuna wa kuitikia. Nimekaa kwenye kigoda chako hapa mlangoni, daftari liko magotini, na mikono yangu inanukia asali kwa sababu asubuhi hii nilifungua ndoo yako ya mwisho.

Tangu tukuzike mvua imenyesha mara mbili tu, na mahindi ya upande wa reli yamejikunja. Mizinga yako bado iko porini kule kule ulikoitundika. Kaka Yona, kabla hajarudi Dodoma, alisema atatafuta mtu wa kurina. Hajatafuta, na mimi sijamkumbusha.

Watu wananisifu, Baba. Hilo ndilo linanichosha kuliko yote. Msibani wanawake walinishika mikono wakasema umemtunza baba yako, Mungu atakulipa. Kaka Yona alisimama mbele ya watu akasema hivyo hivyo. Niliinamisha kichwa wakadhani ni unyenyekevu. Siku ile nilikuwa sijajua. Sasa najua, na bado wananisifu, na mimi bado nanyamaza.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, hata kama mwanzo wenyewe unaujua kuliko mimi.

Ulianza kwenda nyuma ya banda la mbuzi kila mara, ukasimama huko muda mrefu mpaka nikakutania kwamba una mazungumzo na mbuzi. Hukucheka. Angekuwepo Mama ungemwambia yeye. Baba mtu mzima atamwambiaje binti yake kwamba mkojo hautoki? Ilibidi Mzee Njiku, rafiki yako wa kurina asali tangu ujana, anivute pembeni aniambie, "Mpeleke baba yako hospitali, anaumia." Kumbe mwenyewe alikuwa anaumwa hivyo hivyo na hakusema.

Tulipoitwa kwa daktari ukaniambia, "Wewe kaa hapa." Nikakaa kwenye benchi. Nilishukuru hata, maana na mimi niliona aibu. Mlango ukafungwa, na kila neno nililopaswa kulisikia likabaki ndani. Ulipotoka na dawa zako nikauliza wamesemaje. Ukatazama pembeni ukasema, "Tezi dume imekua. Hii ya kapsuli inalegeza njia. Hiki kidonge kinapunguza tezi polepole, kinachukua miezi. Zote mbili kila siku, baada ya chakula." Nikauliza kama ni hayo tu. Ukasema, "Ni hayo tu."

Hayakuwa hayo tu, Baba.

Kidonge ulimeza bila shida, kapsuli ikakushinda. Wewe uliyekuwa unameza masega na nta yake, ukakohoa kapsuli mpaka machozi. Siku ya tatu uliirudisha kwenye bakuli la uji. Basi nikafanya tunachofanya nyumbani kwetu kwa kila dawa, tangu tukiwa watoto wa kulazimishwa vidonge vya malaria. Nikaifungua. Nikamwaga zile chembe zake kwenye kijiko cha asali, nikazisaga kwa mgongo wa kijiko kingine ili zisikukwaruze koo. Ukalamba kijiko chote. Ukasema, "Mwanangu, wewe ni daktari kuliko wao." Nilitembea na neno hilo wiki nzima.

Na mkojo ukatoka. Tuliona kwamba tumeshinda. Kila siku baada ya uji, kijiko cha asali.

Ukaanza kusema kichwa ni chepesi. Ukiinuka unashika ukuta. Nikasema ni njaa, nikakuongezea uji. Nikasema ni jua, nikakuhamishia kigoda kivulini. Kwa kila kitu nilikuwa na jibu. Siku moja ulikaa tena chini mara baada ya kusimama, ukanitazama kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, na mimi nikakuuliza kama utapenda chai.

Asubuhi ile ulilamba kijiko chako, ukakaa hapa hapa nilipokaa. Baadaye mbwa akabweka, ukainuka haraka uone nani anakuja. Nilikuwa naosha vyombo. Nilisikia kichwa kikigonga jiwe la kizingiti. Umepanda miti kwa kamba miaka yako yote, na nyuki usoni, hujaanguka hata mara moja. Ukaanguka kutoka kwenye kigoda. Siku mbili hukufumbua macho, ya tatu ukaenda. Aliyekuwa anakuja alikuwa ni muuza dagaa tu.

Baada ya arobaini nilikusanya dawa zilizobaki nikazirudisha hospitali, nikidhani zitamfaa mwingine. Nesi alizikataa kwa upole, kisha akauliza ulikuwa unazitumiaje. Nikamweleza habari ya asali. Baba, nilimweleza kwa kujisifu. Aliweka kalamu chini.

Akasema kapsuli ile inamezwa nzima kwa maji, haifunguliwi, haitafunwi, haisagwi, maana imetengenezwa itoe dawa kidogo kidogo siku nzima. Ukiisaga, dawa inaweza kuingia mwilini kwa mkupuo, presha ikashuka, na mtu akiinuka ghafla anaona giza. Akasema wanaume wote wanaopewa huambiwa wainuke taratibu, wakae kwanza, wasipande juu ya kitu mpaka waone mwili umezoea, na wakisikia kizunguzungu warudi. Uliambiwa, Baba. Hukuniambia, kwa sababu ungeniambia ningekukataza kupanda, na mizinga ilikuwa inakusubiri. Nakujua.

Kisha akauliza kama ulikuwa na dawa nyingine. Nikamtajia kidonge chako cha presha, kile cha miaka yote. Akafungua kitabu chake. Humo imeandikwa uliulizwa ukajibu huna. Naweza kukusikia ukijibu. Kwako kile hakikuwa dawa, kilikuwa kitu cha kila siku, kama chumvi. Nacho kinashusha presha. Daktari angejua angekuangalia kwa karibu zaidi.

Nikamuuliza, ndiyo iliyomuua? Akasema, "Dada yangu, hilo hakuna anayeweza kukwambia." Nilitaka aseme ndiyo, au aseme hapana. Nimerudi nyumbani bila lolote kati ya hayo, na ndivyo nitakavyokaa.

Sasa sikia kilichonifanya niandike. Leo asubuhi amekuja Mzee Njiku na kikombe chake cha bati. Yeye alikuwa amewekewa mpira wa mkojo, ameteseka nao, sasa umetolewa na amepewa dawa mbili kama zako. Akasema, "Mwanangu, nigawie asali ya kuchanganyia dawa. Baba yako aliniambia mlivyokuwa mnafanya. Alikusifia sana."

Nikaingia ndani, nikafungua ndoo, nikajaza kikombe mpaka juu. Nikasimama nacho. Baba, nitakwambia ukweli kwa kuwa huwezi kumwambia mtu. Niliwaza kumpa tu na kunyamaza, aende zake, nibaki yule binti aliyemtunza baba yake. Sijui niliwaza hivyo kwa muda gani. Kisha nikairudisha asali kwenye ndoo, nikatoka, nikakaa chini mbele yake nikamwambia yote. Ni wewe wa kwanza kujua kwamba, ukiacha nesi, yeye ni wa kwanza kujua.

 Akasema, "Kumbe." Akachukua kikombe chake kitupu, na alipofika njiani akageuka. "Basi mimi hizo dawa sizimezi tena."

Nimemwambia ili apone, na yeye ameogopa dawa yenyewe. Asipoimeza mkojo utaziba tena na mpira utarudi. Hakuna ninaloligusa likanyooka.

Ila nakuahidi hili, si kwa sababu naona litanisaidia mimi. Jioni hii nakwenda kwake. Sitabeba asali, nitabeba maji. Kesho nitampeleka hospitali na vidonge vyake vyote mkononi, hata anavyodhani si dawa, na mlango ukifunguliwa nitaingia naye. Akiniambia kaa nje, sitakaa. Akikubali kumeza, nitakwenda kwake kila siku akimaliza kula, nimwone anameza nzima, nimwone anavyoinuka. Jumapili nitampigia Kaka Yona. Nikishamwambia hatanisifu tena, labda hatanipigia tena.

Kigoda chako nakiacha hapa. Jiwe la kizingiti nimejaribu kuling'oa, limenishinda.

Lala, Baba. Ukinikumbuka huko uliko, niite kwa jina langu. Usiniite daktari.

Binti yako,
Eliza