Bolti Iliyokula Moto

Mtani wangu Kibwana,

Ni mimi, Maganga, Mnyamwezi wako. Nimekaa kwenye benchi lako hapa karakana, na mlango nimeutia komeo ingawa ni mchana wa Jumapili na hapana mtu. Tabia haijanitoka. Ulizoea kusema kwamba mimi hata kivuli changu nakipekua mifuko. Spana bado nazihesabu kila jioni, na mlinzi bado namchungulia asubuhi nione macho yake kama yamelala au yamekesha.

Miezi mitano imepita. Sukari bado ni ya foleni, na spea ndiyo usiseme. Tunavua gari moja kulivika jingine. Shemeji, mkeo, hajambo. Amekonda lakini anauza maandazi yake, na kila Ijumaa ananiletea mawili kwa ajili yako. Ushirika umenipa mimi usimamizi wa karakana. Ndiyo, mimi. Kile cheo nilichoapa kwamba fundi mwenzetu Pazi alikuwa anakitolea macho.

Kibwana, nikwambie nilivyomshuku Pazi. Nilianza siku ileile walipokuleta kutoka Mbagala. Nikajiuliza: nani alikuwa wa mwisho chini ya lile lori asubuhi ya Jumamosi? Pazi, anatia grisi. Nani alikuwa apande na wewe kulijaribu, kisha akateremka pale getini akisema tumbo linamsokota? Pazi. Wewe ukaenda peke yako, ukafika mteremko wa Kizinga, usukani ukazunguka bure mkononi mwako, na lori likaingia bondeni. Na jioni ile tumbo la Pazi likawa zima kabisa, akachimba kaburi tangu mwanzo hadi mwisho bila kupumzika. Nikasema moyoni, huyu anachimba kwa bidii ya nini?

Msibani nilifanya kazi yangu ya utani. Nilivaa ovaroli yako, nikaiga mwendo wako wa kuburuta mguu, nikawazuia wachimbaji njia hadi wanipe kitu. Watu walicheka huku machozi yanawatoka, hata shemeji alicheka. Ungefurahi. Kisha nikasimama mbele ya Pazi, nikaiga sauti yako, nikasema, "Pazi, Kibwana anauliza, tumbo limepoa? Na ile nati uliirudisha vizuri?"

Wakacheka tena. Halafu kicheko kikakatika. Pazi aliinamisha kichwa. Angesema nini? Naye Mzaramo kama wewe, mtani wangu, na mtani wa msibani hakasirikiwi wala hajibiwi. Nililijua hilo nilipofungua mdomo. Nililisema palepale kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo asingeweza kunijibu.

Baada ya hapo sikuhitaji kuongeza neno. Maneno yalitembea yenyewe mtaani, toka foleni ya sukari hadi kwa balozi wa nyumba kumi. Salamu ya Pazi ikawa haiitikiwi. Shemeji akamrudishia ule mchele aliomletea. Mwezi wa pili akafunga virago, akaenda Chamazi kulima mihogo. Fundi yule, unayajua masikio yake, anasikia injini mbovu toka mbali. Mimi nikaona: mwenye hatia ndiye anayekimbia.

Lile lori wamelivuta, limelala nyuma ya karakana. Mvua zote za masika zimelinyeshea. Wiki iliyopita nikaamua kuutafuta ushahidi wenyewe, nimpeleke Pazi kwa balozi na kitu mkononi. Nikaingia chini kuutazama mkono wa usukani. Bolti ilikuwa imekatika katikati. Kichwa chake kilipotelea bondeni, lakini nusu yenye nati ilikuwa imebaki ndani ya tundu, imeota kutu, imeshika kama mnazi.

Sikutaka kuiharibu. Basi nikaitoa kwa njia yako, hatua kwa hatua, kama vile umesimama nyuma yangu. Nikaisugua kwa brashi ya waya. Nikaipa mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili chafu, nikaiacha ilale. Asubuhi nikaigonga kidogo kidogo pande zote, nikaipa tena mafuta. Siku ya tatu nikakumbuka ulivyokuwa ukinisema: "Usikimbilie kufungua, Mnyamwezi. Ikaze kwanza kidogo, ishtuke, ndiyo uirudishe." Nikaikaza kidogo. Ikalia. Ikakubali.

Lakini kabla ya hapo ilibidi nitoe pini inayoizuia nati isifunguke. Ilikuwapo, Kibwana. Haikuguswa. Ulikuwa umeikunja mwenyewe Ijumaa jioni, ncha moja juu na nyingine chini, mkunjo ambao hakuna fundi mwingine Temeke nzima anayeukunja hivyo. Nati hakuifungua mtu.

Nikakifuta kile kipande kwa kitambaa. Mahali kilipokuwa kimefichwa ndani ya tundu, grisi yako ilikuwa imekikinga na kutu. Rangi yake ilikuwa ya buluu, kama shingo ya njiwa.

Unaijua rangi ile. Nami naijua. Nilikaa chini palepale kwenye matope.

Sasa nikwambie la Ijumaa ile, siku moja kabla ya ajali. Ile bolti ilikuwa imetugomea siku mbili, kijijini wanalingoja lori lichukue mbegu, na wewe umewaahidi Jumamosi. Kabla ya kwenda msikitini ukanitania: "Babu zako walibeba mizigo toka Tabora mpaka pwani, wewe bolti moja inakushinda?" Ukaondoka unacheka, na Pazi nyuma yako. Nikabaki peke yangu, mimi na msalaba wangu shingoni, nimeudhika. Nikavuta mtungi wa gesi. Nikaipiga moto hadi ikawa nyekundu, nikaimwagia maji ya ndoo, nikaipiga nyundo. Ikatoka.

Na sheria yako niliijua. Uliisema kila wiki: "Moto ni wa bolti unayokwenda kuitupa. Ukiirudisha, itakatika. Ya kurudisha, ipe mafuta na muda." Na hii ilikuwa ya kurudisha, maana mpya haikuwapo Dar nzima. Nikaipaka grisi nyeusi kuficha ile buluu ya chuma kilichoungua. Uliporudi ukaiona mezani, ukaniuliza, "Imekubali mafuta?" Nikajibu, "Imekubali."

Ukanipiga begani. Hukuifuta uitazame. Mimi ningeifuta, ningeinusa, ningeilamba hata, kama ingetoka mkononi mwako. Wewe uliniamini, ukaifunga kwa mikono yako mwenyewe.

Kwa siku sita sasa najishuku mimi. Najiuliza kama miezi hii mitano nilikuwa sijui kweli, au nilijua nikatafuta mtu wa kumtwisha. Naumia, Kibwana. Maandazi ya juzi sikuweza kuyala; bado yamo kwenye karatasi hapa pembeni yangu.

Kesho alfajiri nakwenda Chamazi. Nitamwambia Pazi kwanza, yeye na mimi, bila mtu wa kucheka. Nikimkuta anataka kunipiga, sitakwepa. Kisha nitamwomba tufuatane hadi kwa shemeji, na nimwombe shemeji awaite walewale wa msibani, na balozi. Yote nitakayoyasema nitayasema kwa sauti yangu, sio yako. Cheo nitakirudisha, na kama kuna sheria ya serikali juu ya jambo hili, balozi ataniambia mlango wa kugonga.

Ninachokiogopa sicho unachodhani. Naogopa kwamba nikisimama mbele yao niseme, "Aliyemuua Kibwana ni mimi," watacheka. Watasema, huyo Mnyamwezi, hata leo haachi utani wake. Kwa hiyo kile kipande sitakiacha. Nimekifunga kwenye kitambaa chako cha mkononi, na nitakiweka juu ya mkeka, katikati, upande wa buluu ukiwa juu, halafu ninyamaze mpaka kila mtu akitazame.

Lala, mtani wangu. Siombi unisamehe kabla Pazi hajaitikiwa salamu.

Maganga