Mlinzi Anayelala Bwana Akitoka

Mjukuu wangu, fundi wa dunia,

Chakula kimo sufuriani, pasha. Funga dirisha la jikoni, paka wa jirani ni mwizi.

Sasa hiyo seva yako ya chini ya meza, kompyuta uliyohamishia picha zetu zote. Leo dada yangu anapasuliwa. Kaniomba aione picha ya marehemu mama yetu kabla hajaingizwa. Nafungua simu, picha hakuna hata moja. Nakupigia kazini, unanijibu, "Bibi, kontena zangu, yaani programu zinazotunza picha, haziendeshwi na mkuu wa mashine, naziendesha mimi, mtumiaji wa kawaida. Ndiyo usalama. Nikitoka kwenye akaunti, nazo zinazima."

Usalama gani huo, baba? Umeweka mlinzi ambaye bwana akitoka tu, naye anajifunika shuka. Na albamu ukaifungia stoo, eti karatasi zimepitwa na wakati.

~~Seva hiyo kaiuze leo hii.~~ Usiiuze, utanililia wiki nzima. Itafutie dawa tu, isimame bila wewe.

Kufuli la stoo nimelivunja kwa nyundo. Albamu ninayo kwapani, nawahi hospitali. Ukija, njoo na kufuli jipya.

Bibi yako