Gunia la Ukindu

S.L.P. 4127,
Nairobi.
22 Agosti 1971

Mpendwa Mjomba Taib,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na nyumba nzima huko Lamu haijambo. Sisi hapa Woodley tu wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Agosti inakwisha na bado twavaa sweta ndani ya nyumba.

Barua yako ya tarehe nne niliipata. Umesema utafika mwisho wa mwezi kumchukua dada yako. Ni mimi niliyekuandikia mwezi wa Juni kwamba mama anapungua na pengine afadhali awe kwenu. Sasa inanibidi nikueleze yaliyotokea tangu hapo, nami nitayaeleza kwa mpango, kama nilivyozoea ofisini.

Mama alipokuja kwetu baada ya eda ya marehemu baba, alileta sanduku moja na gunia la ukindu. Nilimwambia kile ambacho mtoto yeyote wa kwetu aliyepata kazi ya kalamu angemwambia mamake: umesuka mikeka ya kutosha, umetusomesha kwa mikono hiyo, sasa pumzika. Gunia nikalipeleka stoo. Nilijiona mwana mwema.

Akapumzika. Mwezi wa kwanza alikaa dirishani akitazama barabara. Wa pili akahamia kitandani. Chakula akawa anaonja tu. Mikono yake, ambayo sikuwahi kuiona imetulia, ililala juu ya shuka mchana kutwa. Daktari alimpima, hakuona ugonjwa, akampa vidonge vya nguvu. Maalim alikuja kutoka mjini akamsomea. Mgeni, mke wangu, alimpikia samaki wa kupaka na sahani ikarudi kama ilivyokwenda. Mwishowe hata kuzungumza akaacha, akawa anajibu kwa kichwa.

Mwezi wa Julai nilifanya jambo ambalo naona haya kuliandika. Jirani yetu Nakhumicha, mke wa Shem dereva, mtu wa Bungoma, huwasha jiko la makaa uani kila asubuhi, na alikuwa akilalamika kwamba makaa yake yameloa. Nilikuwa nasafisha stoo. Nikampa lile gunia, nikamwambia ni majani makavu, yatashika moto upesi.

Hakuyachoma. Ndani ya gunia alikuta ukili wa mkeka ambao mama aliuanza akauacha nusu, na Nakhumicha amekulia kwenye kusuka vikapu. Nilipotoka kazini nilimkuta mlangoni.

"Bwana Twahir, hii kitu haiwezi kuchomwa," akasema. "Hii ni kazi ya mtu. Huyo mtu ako wapi?"

Nikamwonyesha chumba. Aliingia, akakaa sakafuni kando ya kitanda, akaanza kuuendeleza ule ukili kwa namna ya vikapu vya kwao. Mama alikuwa ameuelekea ukuta. Kisha akageuka, akaitazama ile mikono. Wamjua dada yako, hawezi kuona ukili unakwenda kombo akanyamaza.

"Lete hapa," akasema. "Wauvuta kama kamba ya ng'ombe. Na hukuuloweka."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza baada ya siku kumi na tisa. Nilikuwa nikizihesabu.

Sisemi kwamba kusuka ni dawa. Pengine vidonge vilisaidia, na Maalim naye ana sehemu yake. Naeleza nilichokiona tu. Kesho yake aliomba karai la maji. Wiki iliyofuata aliomba kikombe cha pili cha chai. Sasa hukaa barazani kuanzia saa tatu mpaka adhuhuri, Nakhumicha ubavuni, wakiusengenya mtaa mzima kila mmoja kwa Kiswahili chake. Alimtuma Mgeni soko la Dagoretti kutafuta rangi nyekundu, na ilipoletwa akaikataa kwamba imepauka. Mgeni alinuna kidogo. Mimi nilifurahi.

Jumapili iliyopita nilimuuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo kwamba aitaka kazi yake. Hakuinua macho.

"Uliniambia nipumzike, mwanangu," akasema. "Na ulivyofurahi kuniambia. Basi nikapumzika."

Si mtu wa kulia mimi, wajua. Nilitoka nikaenda Adams Arcade kununua gazeti, nikalipa, nikaliacha dukani.

Kuhusu safari yako, uamuzi ni wake na wako, wala sikuzuii. Mimi nataka abaki, na safari hii namtaka abaki na gunia lake. Nilimwambia kwamba waja kumchukua, nikamuuliza nikuandikie nini. Alimaliza ncha ya ukili aliyokuwa nayo, ndipo akajibu.

"Mwambie Taib siwezi kuondoka. Mwambie nina kazi."

Kwa hiyo njoo, Mjomba, lakini uje kututembelea. Na usije mikono mitupu. Tuletee ukindu, maana gunia limebaki robo.

Nisalimie shangazi na watoto wote, na Bi Zuhura wa nyumba ya pili. Mgeni anakuamkia. Mungu akupe safari nyepesi na atukutanishe tukiwa na afya zetu. Nilimpa mama kalamu atie mstari wake hapa chini. Amesema nikuambie mikono yake imelowa.

Mpwa wako akupendaye,
Twahir